Kupima Joto Linalopita Ukutani Katika Nyumba Zinazokaliwa

Mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Ufundi wa Chama Kikuu mbele ya semina ya makatibu wa vyama vya msingi, Njombe



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo mtu akilisikia kwa mara ya kwanza huenda akadhani kuwa ni la maabara, wala halihusiani na chama cha ushirika. Lakini Makatibu mliomo humu mnajua vema kwamba fomu za mikopo ya kuboresha nyumba zinazidi kuongezeka mezani kwenu kila mwaka, na kwamba nyingi kati yake zimeandikwa sababu moja tu: nyumba ni baridi. Katibu hutia sahihi, kamati hupitisha, fedha hutoka, na baada ya msimu mmoja mwanachama huanza kulipa deni. Kama nyumba imepata joto, analipa kwa moyo. Kama haikupata, analipa huku akiwatazama ninyi na mimi kwa jicho ambalo sitaki kulieleza.

Mimi nimewahi kutazamwa kwa jicho hilo, na kwa haki. Naomba nianze hapo, maana yote nitakayosema yalitokana na kosa hilo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi wa Julai, nilipelekwa kwa mzee mmoja mkulima wa viazi na pareto. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu, paa la bati, bila dari. Mmoja wa wajukuu zake alikuwa na kifua kisichopona. Mimi nilikuwa na kipimajoto kile cha kuelekeza kama bastola, ambacho wengi wenu mlikifahamu mwaka 2020 kilipokuwa kikielekezwa kwenye paji la uso. Nilifika saa moja asubuhi. Nikakielekeza ukutani, kikasoma nyuzi 11 za Sentigredi. Nikatikisa kichwa kama daktari, nikasema, "Mzee, ukuta huu ndio unaokula joto lako. Piga lipu ndani na nje." Mzee aliniamini. Aliuza mtamba, akanunua saruji, akamwita fundi, akapiga lipu nyumba nzima. Julai iliyofuata nilipopita njia ile alinisimamisha. Hakunigombeza. Baada ya kuamkiana alisema, "Mwanangu, lile joto nililolinunua liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi ofisini nikaanza kusoma upya mambo niliyodhani nayajua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili: nilipima ukuta, sikupima hewa ya chumba. Ukuta kuwa na nyuzi 11 hakusemi chochote juu ya kiasi cha joto kinachopotea humo. Kama hewa ya chumba nayo ina nyuzi 12, basi kati ya hewa na ukuta kuna tofauti ya uzi mmoja tu, na joto linaloingia ukutani ni kidogo, yapata wati 8 kwa kila mita moja ya mraba. Kama hewa ingekuwa na nyuzi 16 na ukuta uleule una nyuzi 11, joto linaloingia lingekuwa karibu wati 38. Usomaji wa ukuta ni mmoja. Hukumu ni mbili zilizo mbali kabisa. Na asubuhi ile moto ulikuwa umekwisha kuzimika, mlango uko wazi tangu alfajiri, watoto wanatoka na kuingia. Nilichokipima ni ubaridi wa chumba kilichokwisha kupoa.

Hapa hapana budi nieleze kinachotokea pale joto linapokutana na uso wa ukuta kwa ndani. Joto huufikia ukuta kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ni myuko: hewa yenye joto hugusa ukuta, hupoa, huwa nzito, huteremka taratibu kuelekea sakafuni, na nafasi yake huchukuliwa na hewa nyingine. Weka mkono karibu na sakafu chini ya ukuta wa nje usiku wa Julai, utaisikia ikipita. Njia ya pili ni mnururisho: kila kitu chenye joto, iwe jiko, meza, au mwili wa binadamu, hutuma joto kwa vitu vilivyo baridi zaidi bila kuhitaji hewa iliyopo katikati. Ndiyo maana mtu aliyeketi karibu na ukuta baridi hujikunyata hata kama hewa ya chumba si mbaya. Mwili wake unaugawia ukuta joto. Watu wengi hudhani kuna upepo unaopenya, wakatafuta ufa usiokuwapo.

Ukijumlisha njia hizo mbili, kwa ukuta wa kawaida wenye lipu au udongo au rangi isiyong'aa, kila tofauti ya uzi mmoja kati ya chumba na uso wa ukuta hupitisha wati 8 hivi kwa mita ya mraba. Yapata 5 kati ya hizo ni za mnururisho na zilizobaki ni za myuko. Wahandisi hupenda kuligeuza hesabu hilo na kuliita ukinzani wa uso wa ndani, na katika kanuni za kimataifa ukinzani huo kwa ukuta huandikwa 0.13. Ni kama blanketi jembamba la hewa lililoulalia ukuta. Halionekani, wala halinunuliwi, lakini lina kazi kubwa, hasa katika nyumba zetu. Ukuta wa matofali ya kuchoma wenye unene wa sentimita 23, ukiwa na lipu pande zote mbili, una ukinzani wa jumla unaokaribia 0.50. Maana yake blanketi hilo la hewa peke yake ni zaidi ya robo ya kinga yote ya ukuta. Kwa nyumba ya kuta za bati, blanketi hilo na lile la nje ndiyo kinga yote; bati lenyewe halizuii kitu.

Mniruhusu sasa nitoe mfano mmoja wa hesabu, nao nitautumia mpaka mwisho. Tuseme usiku hewa ya chumba ina nyuzi 16 na nje kuna nyuzi 8. Kwa nchi yetu hii iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari huo si usiku wa ajabu, na ndugu zetu wa Makete watacheka wakisema huo ni usiku wa joto. Tofauti ni nyuzi 8. Ukigawa 8 kwa 0.50 unapata wati 16 kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Joto hilo likivuka lile blanketi la hewa lenye ukinzani 0.13 linapoteza nyuzi 2 na kidogo. Kwa hiyo uso wa ukuta kwa ndani utakuwa na nyuzi 13.9. Mpaka hapo hakuna ajabu.

Lakini sogeza kabati mpaka ligusane na ukuta huo. Nyuma ya kabati hewa haitembei tena, na mnururisho kutoka chumbani umezibwa. Ukinzani wa uso huongezeka. Kanuni za kimataifa zinazohusu kuvu ukutani hutumia 0.25 kwa sehemu kama hizo. Rudia hesabu, utaona kwamba uso wa ukuta nyuma ya kabati unashuka hadi nyuzi 12.8. Uzi mmoja na kidogo tu, mtasema. Tazameni basi kinachofuata. Tuseme hewa ya chumba ina unyevu wa asilimia 75, jambo la kawaida mahali watu wanapopika, wanapoanika nguo na kupumua. Hewa ileile ikigusa ukuta wa nyuzi 13.9, unyevu wake hupanda mpaka asilimia 86 hivi. Ikigusa ule wa nyuma ya kabati, hupanda mpaka asilimia 92. Na kuvu hakingoji maji yatiririke ukutani. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 80 kwa siku nyingi, huota. Makatibu waliowahi kulivuta kabati la ofisi na kukuta leja za chama zina madoa meusi sasa wanajua kwa nini. Na godoro la mtoto lililoegemezwa ukutani hufanya kazi ileile ya kabati. Yule mjukuu mwenye kifua alikuwa analala kwenye godoro la namna hiyo, nami siku ile ya kwanza nilipita mbele yake bila hata kuinama.

Sasa nije kwenye vifaa. Kifaa kikuu ni bamba la kupimia mtiririko wa joto. Lile nililolileta, ambalo mtaliona pale mezani, ni duara lenye upana wa sentimita 8 na unene wa nusu sentimita. Ndani yake mna viungo vingi vya nyaya za metali mbili tofauti. Joto likipita katika bamba, upande mmoja huwa na joto zaidi ya mwingine, na viungo hivyo huzaa umeme kidogo sana. Aliyegundua kwamba metali mbili zilizounganishwa hufanya hivyo ni Thomas Seebeck, mwaka 1821, na mpaka leo tunakula matunda ya ugunduzi wake. Kila bamba lina hesabu yake iliyoandikwa kwenye cheti; kwa bamba lenye hesabu ya mikrovolti 60 kwa kila wati moja kwa mita ya mraba, ukuta wa mfano wetu ungetoa millivolti 1 hivi. Ni umeme ambao hauwezi kuwasha hata taa ya tochi, ndiyo maana unahitaji kifaa cha kusoma na kuhifadhi takwimu, ambacho huandika chenyewe kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, bila kusinzia.

Pamoja na bamba huwekwa vipimajoto vitatu: kimoja cha hewa ya chumba, kimoja cha uso wa ukuta kando ya bamba, na kimoja cha hewa ya nje, kikiwa kivulini. Bamba lazima ligusane na ukuta barabara. Mwanya wa hewa hata wa unene wa karatasi huharibu kila kitu. Kwa hiyo hupakwa mafuta mazito mgongoni, kisha hubanwa kwa gundi ya karatasi. Jambo moja dogo ambalo vitabu hulitaja kwa haraka mno: kwanza tandaza utando mwembamba wa nailoni kati ya mafuta na ukuta. Nilipoondoa bamba langu la pili, liliacha doa la mafuta kwenye rangi mpya ya mwenye nyumba, na mama wa nyumba ile hakunikaribisha uji tena. Bamba pia lifunikwe kwa karatasi ya gundi yenye rangi na sura inayofanana na ukuta, isiyong'aa, ili lipokee mnururisho kama ukuta wenyewe unavyoupokea.

Mahali pa kubandika panahitaji akili zaidi kuliko mikono. Pasiwe karibu na jiko, wala juu ya kitanda, wala penye kona, wala nyuma ya pazia, isipokuwa kama pazia lenyewe ndilo unalolipima. Pasipigwe na jua kwa nje. Katika vitabu vya Ulaya imeandikwa kwamba uchague ukuta unaotazama kaskazini. Msifuate maneno hayo! Vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya nchi ambazo jua hupita kusini mwao daima. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, na katika Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini. Ukuta wa kupima katika kipupwe ni ule unaotazama kusini. Ifikapo Desemba jua huhamia upande wa kusini, na mambo hugeuka.

Je, upime kwa muda gani? Hapa ndipo wengi, nami nikiwa mmoja wao, huharibu. Ukuta wa matofali ni mzito, nao hutunza joto kama mtungi unavyotunza ubaridi wa maji. Joto lililoingia ukutani saa mbili usiku moto ulipokuwa umekolea huchelewa kwa saa nyingi kabla ya kutokea nje. Kwa hiyo ukisoma bamba jioni, moto ulipowashwa tu, utaona joto jingi linaingia na utauhukumu ukuta kuwa mbovu. Ukisoma alfajiri huenda ukaona ukuta unarudisha joto chumbani, ukausifu. Zote mbili ni hukumu za uongo. Dawa yake ni kujumlisha usomaji wote wa siku nyingi, ukagawa jumla ya joto lililopita kwa jumla ya tofauti za nyuzi za ndani na nje. Kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 9869, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1994 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2014, inataka saa zisizopungua 72, yaani siku tatu kamili, na jibu la mwisho lisitofautiane na jibu la saa 24 kabla yake kwa zaidi ya asilimia 5.

Lakini, Ndugu Makatibu, siku tatu hizo ni za nyumba ya Ulaya inayopashwa joto mchana kutwa na usiku kucha. Nyumba zetu hazipashwi hivyo. Mchana nje huwa na joto kuliko ndani, na joto hugeuza njia likaingia kutoka nje. Ukijumlisha mchana na usiku, tofauti ya wastani yaweza kuwa ndogo mno hata jibu likawa upuuzi mtupu. Kwa uzoefu wangu, kwa nyumba zetu yafaa kupima wiki mbili, katika miezi ya Juni na Julai, na katika nyumba ambayo watu huketi na moto kila jioni. Na bado kuna nyumba ambazo jibu halitulii. Hizo hapana budi kuziacha bila jibu, wala Katibu asimlazimishe fundi atoe tarakimu ili fomu ijae.

Wapo watakaouliza: je, hakuna njia nafuu? Ipo. Ukiwa na kipimajoto cha hewa ya ndani, cha nje, na cha uso wa ukuta, unaweza kukadiria joto linalopita bila bamba, kwa kuzidisha tofauti ya hewa na uso kwa ile hesabu ya wati 8. Lakini angalieni. Katika mfano wetu tofauti hiyo ni nyuzi 2 tu na kidogo. Kipimajoto kikikosea kwa nusu uzi, na vya bei rahisi hukosea kwa zaidi ya hapo, jibu lako limekosea kwa karibu robo. Na ile 8 yenyewe si tarakimu ya msahafu. Jiko likiwa karibu au mlango ukiwa wazi hubadilika. Kama bastola ya kupimia ndiyo uliyo nayo, usiielekeze kwenye bati jipya. Bati linalong'aa ni kama kioo. Litakuonyesha joto la vitu vilivyo mbele yake, nawe mwenyewe ukiwemo. Bandika kipande cha karatasi ya gundi isiyong'aa, ngoja kipoe sawasawa na bati, kisha upime hapo. Njia hii yafaa kulinganisha ukuta na ukuta katika chumba kimoja, usiku mmoja. Haifai kuuzia mtamba.

Tusidhani kuwa ni sisi tu tunaopotoka. Uingereza ina mamilioni ya nyumba za zamani zenye kuta za matofali yasiyo na uwazi katikati. Kwa miaka mingi makadirio ya kawaida yalikuwa kwamba kila mita ya mraba ya ukuta wa namna hiyo hupitisha wati 2.1 kwa kila tofauti ya uzi mmoja. Mipango ya kuzivika kuta hizo nguo ya kuzuia baridi ilipigiwa hesabu kwa tarakimu hiyo. Mwaka 2015 watafiti wa huko walichapisha katika jarida liitwalo Building Research & Information matokeo ya mabamba yaliyobandikwa kwenye kuta 40 za matofali na 18 za mawe. Wastani ulikuwa 1.3. Kuta zilikuwa bora kuliko karatasi zilivyosema. Habari njema, mtasema. Lakini ukuta ukiwa unapoteza kidogo, basi na akiba itakayopatikana kwa kuuvika nguo ni ndogo kuliko iliyoahidiwa. Mtu aliyekopa akitegemea akiba ile ya kwenye karatasi ataona marejesho hayalingani na deni. Mimi sijui Mwingereza hutazama kwa jicho gani, lakini nadhani halitofautiani sana na la mzee wangu.

Nimesema nyumba zinazokaliwa, na neno hilo nililichagua makusudi. Nyumba tupu ni rahisi kupima, ila haikuambii jinsi watu wanavyoishi. Mtu mzima aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi. Familia ya watu watano jioni ni jiko dogo. Sufuria ikichemka, pazia likivutwa, mgeni akilala sebuleni, bamba huyasikia yote. Kwa hiyo daftari ni la lazima. Mpeni mtoto mmoja wa shule aandike: moto umewashwa saa ngapi, umezimika saa ngapi, mlango umefunguliwa kwa muda gani. Watoto hufanya kazi hiyo kwa uaminifu kuliko sisi. Mmoja aliniandikia, "Saa tatu paka amelala juu ya kifaa," na ni kweli takwimu za saa ile zilikuwa za ajabu.

Ombeni ruhusa kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba katika jambo hili ni mama. Baba aweza kutia sahihi mbele ya kamati, lakini anayekaa na waya ukutani kwa wiki mbili, anayewazuia watoto wasiuvute, na anayeombwa asisogeze kabati, ni mama. Aelezwe mwanzo mpaka mwisho, na akikataa, amekataa.

Kisha lipo jambo la siri. Takwimu hizi huonyesha saa ambayo watu wanaamka, wanalala, na wanapika. Katika nyumba moja mstari wa takwimu ulionyesha kwamba kwa siku tatu mfululizo hakukuwa na moto wowote, na daftari la mtoto lilikuwa tupu siku hizo. Sikuhitaji kuambiwa sababu. Sikumwambia mtu, na katika taarifa niliyoipeleka kwenye kamati siku hizo niliziondoa na kuandika kuwa hazikufaa kwa hesabu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Naomba kila Katibu aelewe kwamba takwimu za nyumba ya mwanachama hazisomwi katika mkutano mkuu, hata bila jina. Kijijini nyumba hazihitaji majina.

Na neno moja la hatari, kabla sijarudi kwa mzee. Mtu akisikia kuwa joto linatoroka, jambo la kwanza analofanya ni kuziba kila mwanya, kisha anaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Mkaa wa miwati wa huku kwetu unawaka vizuri bila moshi, na kukosa moshi huko ndiko kunakodanganya. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Hakuna ukuta wala dari inayostahili kubadilishwa na maisha. Fundi akikuta jiko la mkaa linalala ndani, aache kupima na kuzungumza na watu kwanza.

Nilirudi kwa mzee. Nilimweleza kwamba nilikosea, nikamwomba ruhusa nipime upya, nikabandika bamba kwa wiki mbili. Ukuta wake ulionekana kuwa wa kawaida, kama kuta nyingine za matofali ya kuchoma. Ndipo tukaketi naye na kalamu. Chukueni nyumba ya mita 8 kwa 6 kama yake, yenye kuta za kimo cha mita 2.4. Ukiondoa milango na madirisha unabaki na mita 59 hivi za mraba za ukuta. Usiku ule wa mfano wetu, kuta zote zinapoteza wati 940. Lipu, ambayo ni sentimita moja na nusu kila upande, ilipunguza upotevu huo kwa wati 60 hivi, kiasi cha balbu moja ya zamani. Lipu huziba nyufa, hufukuza wadudu, na hupendeza, hayo siyakatai. Lakini mtamba kwa balbu moja!

Kisha tukatazama juu. Paa la bati bila dari lina yale mablanketi mawili ya hewa tu, na kwa mita 48 za mraba hupoteza karibu wati 2,700 usiku huohuo. Anga likiwa jeupe bila mawingu hupoteza zaidi, kwa kuwa bati hunururisha joto lake angani. Dari ya mbao iliyofungwa vizuri, bila mianya kandokando, yaweza kupunguza upotevu huo kwa wati 1,500 hivi. Na mbao za msindano, Ndugu zangu, hapa Njombe hatuziagizi kutoka mbali. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba nyumba ya baba yake ilikuwa ya nyasi, na hakumbuki kuwahi kulala na soksi. Alikuwa anajua jibu kabla yangu. Mimi nilikuwa sijamwuliza.

Chama chake kilikubali kusogeza mbele tarehe ya mkopo wa lipu na kumwongezea mkopo mdogo wa dari. Hilo lilikuwa uamuzi wa kamati, baada ya mimi kusimama mbele yao na kueleza kosa langu. Godoro la mtoto lilihamishwa siku ileile, umbali wa shubiri moja kutoka ukutani, bila kugharimu hata shilingi. Bado anadaiwa awamu mbili.

Ndugu Mwenyekiti, vifaa viko pale mezani. Chama Kikuu kina mabamba mawili tu, kwa hiyo vyama vinavyotaka kupima katika kipupwe kijacho vilete maombi mapema, vikitaja idadi ya nyumba, aina ya kuta, na kama zina dari au hazina. Fomu ambayo haikujazwa sehemu ya dari nitairudisha. Niko tayari kwa maswali.